Ndege Mkubwa Kuliko Nyumba

Kuna nyumba moja hapa Toronto ambamo mpaka leo mimi ni mwizi. Nyumba yenyewe ilishauzwa, ikabomolewa, ikajengwa nyingine ya vioo vitupu, na aliyeniita hivyo kwa miaka mingi sikujua kama yu hai. Lakini jina baya likishamwingia mtu haliulizi kama ukuta bado umesimama. Nimeishi nalo miaka thelathini. Nimekuwa muuguzi, nimelea watoto watatu, nimezeeka, na bado nikiingia kwa mtu mwenye kabati la vyombo, mikono yangu hujificha mgongoni yenyewe. Mwezi uliopita tulimzika Lin, muuguzi wa Hong Kong aliyekuwa rafiki yangu tangu mwaka wangu wa kwanza huku. Baada ya mazishi tulikwenda kula katika mkahawa wa Kichina wa plaza moja Scarborough, meza ya mviringo yenye kitovu kinachozunguka, na kila samaki alipopita mbele yangu niliona chini yake sahani ya plastiki iliyochapwa picha za buluu: daraja, mnara, mti ulioinama. Nikashindwa kula. Grace, binti yake Lin, alidhani ni msiba tu. Akaniinamia akaninong'oneza, "Anti Zuhura, kuna kitu Mama alitaka upewe. Si hapa. Uje nyumbani ukipata nguvu." Nilimwambia nitakuja. Lakini siku zile za kupata nguvu nilizimaliza nikiwa kimawazo katika chumba kimoja cha Etobicoke, mwaka wa katikati ya miaka ya tisini, nikiwa na miaka ishirini na minne na miezi minne tu tangu nitoke Lamu.

Nilikuwa nalala sebuleni kwa binamu yangu Swabra, ghorofa ya kumi na moja, Scarborough hiyo hiyo, kwenye jengo ambalo ukitoka kwenye lifti ulijua kila jirani anapika nini. Kazi niliipata kupitia mama mmoja wa msikitini: kumtunza bibi wa Kizungu, mjane, miguu imemchoka. Kazi ilikuwa upande wa pili wa mji. Basi, treni ya chini, basi tena, na mwisho kutembea chini ya miti mikubwa hadi mlango wa nyuma, maana mlango wa mbele haukufunguliwa ila kwa wageni. Bi Dorothy alikuwa na miaka themanini na kitu, mwembamba, mkali wa ulimi asubuhi na mpole jioni. Tulikula jikoni, mimi na yeye. Mkate wa kuchoma na jamu ya machungwa, supu ya kopo, chai. Maziwa ya kule yalikuja katika mfuko wa plastiki, ukiutia ndani ya jagi na kuukata pembe, na wiki ya kwanza niliukata pembe isiyofaa tukaogelea sote wawili. Wiki ya pili nilimtilia iliki katika chai bila kumuuliza. Alionja, akanitazama, akasema, "Hii ni dawa au ni chai?" Nikamwambia ni chai. "Basi miaka yote nimekunywa maji," akasema, na tangu siku hiyo tukapatana.

Katika chumba cha kulia hapakuliwa kitu. Kilikuwa na meza ya watu wanane, viti vyenye migongo mirefu, na saa iliyosimama. Siku niliyotumwa kufuta vumbi humo nilisimama na tambara mkononi nisijue nifanye nini. Ukutani, juu ya hita, ilining'inia sahani kubwa ya kauri, nyeupe kwa buluu, na juu yake palikuwa na mwanamume mwenye kanzu ya mikono mipana chini ya mwavuli, mwanamke aliyeinua mkono, mnara wenye kengele kwenye pembe zake, na ndege mkubwa kuliko nyumba. Nilikuwa namjua ndege yule. Nilikua chini yake. Kwetu Lamu ukuta wa chumba cha ndani una zidaka, vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu, na ndani yake huwekwa vyombo vya kauri ambavyo si vya kulia. Ni vya kutazamwa. Mwenye jicho baya akiingia, jicho lake huiangukia sahani kabla halijamwangukia bibi arusi au mtoto mchanga, na likiwa kali mno, sahani hupasuka. Chombo kikipasuka chenyewe, hakilaumiwi wala hakiunganishwi, kimeshafanya kazi yake. Huondolewa kimya kimya kikatupwa nje, na aliyenusurika haambiwi mpaka zipite siku saba, asije akaiita shari irudi. "Heri chombo kuliko mja," mama yangu alikuwa akisema, na mambo yanaishia hapo.

"Hii sahani ya Kichina hata sisi tunayo," nilimwambia Bi Dorothy, nikirudi jikoni mbio kama mtoto. Aliomba mkongojo, akaja, akaniambia niishushe niigeuze. Nyuma pameandikwa jina la mji wa Uholanzi, na chini yake alama za buluu zilizofanana na maandishi ya Kichina. "Ni ya Uholanzi," akasema. "Hakuna Mchina aliyeigusa." Sikupendezwa, na nasema kweli. Nyumbani tulijisifu kwa sahani ile. Tuliambiwa wazee wetu walifanya biashara na China, na ushahidi ni huu hapa kidakani. Nilijiona kama mtu aliyeambiwa ukubwani kwamba babu yake si babu yake. Bi Dorothy akavuta kiti, akaniambia niketi, mara ya kwanza mtu kuketi pale tangu nifike. Mama yake aliolewa Uingereza akaja Kanada kwa meli, na sahani hii hakuitia sandukuni. Aliipakata njia nzima. "Nilipougua surua nililazwa chumba hiki," alisema. "Wiki tatu naitazama. Nilidhani China yote ni ya buluu, hata watu." Nikamwambia, "Hata mimi." Akacheka. Tukaanza kulinganisha. Bwana wa mwavuli, sisi watoto wa kwetu tulimwita Mwinyi. Yeye alimwita Bwana Jumapili. Mwanamke aliyeinua mkono, mimi nilifundishwa kwamba anamuaga mtu. Yeye alifundishwa kwamba anamfukuza ndege asile matunda. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Sijawahi kumweleza mtu jambo lile likaeleweka sawasawa, ya kwamba watoto wawili, mmoja Lamu, mmoja kwenye theluji, walilala chini ya ndege mmoja, ambaye hakuna hata mmoja wao aliyejua ametoka wapi.

Lin alikuja mara mbili kwa wiki kumfunga Bi Dorothy kidonda cha mguu. Alikuwa na miaka arobaini hivi, mfupi, mwenye haraka, na viatu vyake vya theluji alivivua mlango wa nyuma akavipanga kama vya msikitini. Siku moja Bi Dorothy alimshika mkono. "Njoo uone sahani yako." Lin alisimama mbele ya ukuta, mikono kiunoni. "Huyu si Mchina," akasema. "Huyu ni Mzungu amevaa nguo za kulalia." Bi Dorothy alicheka hadi akakohoa, Lin akaendelea: "Na mwavuli ukiushika hivyo unalowa. Nami nimetoka Hong Kong, sijapata kumwona ndege mkubwa kuliko nyumba." Nilimgeuzia nyuma asome alama. Alizitazama kwa muda. "Hapa hakuna kilichoandikwa. Mtu ameona maandishi akayapenda, basi akachora." Nilidhani ameshamaliza, lakini aliirudia ile michoro ya buluu kwa kidole, polepole, bila kugusa. "Hakuwahi kufika kwetu. Lakini tazama alivyojitahidi kwenye mabawa." Kisha akatuambia kwamba baba yake alikuwa fundi wa kuunganisha vyombo vilivyovunjika. Alikaa njiani na kekee yake ndogo, akitoboa vitundu na kutia pini za shaba, na watu walimletea hata bakuli za kawaida kabisa. "Alisema chombo chenye pini ndicho kinachopendwa, maana kuna mtu alikataa kukitupa." Nilisikia, nikaona ni maneno mazuri, nikaenda kuosha vikombe.

Baadaye, nilipokuwa na muda wa kusoma, nilijifunza kwamba Wazungu karne nyingi walishindwa kutengeneza kauri, wakaitamani ile ya China kama kitu cha peponi. Wafalme waliwafungia mafundi wao mpaka siri ikapatikana. Walipoipata hawakuchora kwao. Walichora China, nchi ambayo wengi wao hawakuiona, yenye minara, miavuli na watu wasio na kazi. Kisha viwanda vilipokuwa vingi wakatafuta wanunuzi mbali, na mmoja wa wanunuzi hao alikuwa pwani yetu. Mzungu alimwiga Mchina kwa kumtamani, nasi tukanunua tamaa yake tukaitia kidakani itulinde. Kuna siku jambo hilo lilinichekesha na kuna siku lilinitia uchungu. Siku hizi nadhani mwenye kuliitia aibu hajalala chini ya ukuta ule. Kinga ilifanya kazi au haikufanya, Mungu ndiye ajuaye. Najua tulilala vizuri.

Mwezi wa kwanza Bi Dorothy alishikwa na nimonia. Alikaa hospitali siku kumi na mbili, na mwanawe Peter, aliyekuja kila Jumatano akiangalia saa, aliniambia niende nyumbani kwa mama yake kila siku nipashe moto mabomba yasigande, lakini joto nisilizidishe. Nyumba ikawa baridi mpaka pumzi ilionekana. Daktari alimwambia Peter ajiandae. Nilimsikia akimwambia mkewe kwenye simu ya jikoni, "Ni suala la siku," na nikaingia chumba cha kulia nikaketi kile kiti nikalia. Kisha yule bibi akapona. Daktari mwenyewe alishangaa. Asubuhi ya siku aliyorudishwa niliwasha hita mpaka mwisho ili akute joto, na saa nne, gari la hospitali likiwa bado linageuka mlangoni, nikasikia kutoka chumba cha kulia mlio mmoja, ta! Nilipofika, sahani ilikuwa bado inaning'inia katika waya wake, imepasuka vipande vitatu, ufa mmoja umempita ndege kifuani.

Leo najua kwamba kauri iliyokaa baridi wiki mbili ikipigwa na joto la ghafla itapasuka. Siku ile nilijua jambo jingine, na nilijua kwa mwili wote: mauti yalimfuata yule bibi mpaka mlangoni, sahani ikayapokea. Nilitetemeka kwa furaha. Nilisema bismillahi, nikaishusha, nikaifunga katika gazeti la Jumamosi, nikaitia katika pipa la taka nyuma ya nyumba, na sikumwambia Bi Dorothy, kama ilivyo desturi. Nilihesabu siku saba kwa vidole. Lakini furaha ina mdomo. Mchana Lin alipokuja kumsikiliza kifua, nilimwambia mlangoni, anavua viatu: sahani imekufa badala yake. Lin aliacha kiatu kimoja mguuni. "Umeiweka wapi?" akauliza. "Kwenye pipa." Akakivua, akaingia kwa mgonjwa. Alipoondoka nilikuwa namlisha Bi Dorothy supu, wala sikumsindikiza.

Peter alikuja kesho yake. Aliona ukuta kabla hajavua koti. "Sahani iko wapi?" Nilitazama mlango wa chumba cha mgonjwa, uko wazi, nikamwomba twende jikoni. Nikamwambia ilipasuka, nikaitupa. "Umeitupa?" Nikamweleza habari za zidaka, kwa Kiingereza changu cha miezi michache, na kila neno lililotoka lilikuwa linanizamisha. "Ndiyo desturi yetu. Imemchukulia mama yako mauti yake." Alinitazama, akafungua mlango wa nyuma. Gari la taka lilikuwa halijapita. Siku yake ilikuwa kesho. Nilimfuata nikiwa na imani kabisa. Aliinua pipa akalimwaga kwenye theluji. Majani ya chai, mifuko ya maziwa, maganda ya machungwa, bandeji za Lin. Nilipiga magoti nikapekua kwa mikono mitupu mpaka vidole vikafa ganzi. Hapakuwa na gazeti. Hapakuwa na hata kipande.

Nikiwa bado nazoa taka, nilimsikia jikoni kwenye simu. "Anasema ni mila. Eti imekufa badala ya Mama... Hapana, pipa halina kitu... Itakuwa imeshafika kwa wauza vitu vya kale." Alipotoka aliniambia kwa adabu kabisa kwamba polisi hatawaita kwa ajili ya afya ya mama yake, na kwamba nichukue vitu vyangu. Niliomba kumuaga Bi Dorothy. Alikuwa ameketi kitandani na alikuwa amesikia kila kitu. Akanipa mkono wake, mwepesi kama karatasi. "Zuhura, binti yangu, kama uliiuza kwa sababu ya shida, niambie tu. Sitakasirika. Nilitaka tu kuiaga." Nikamwambia, "Bi Dorothy, sikuiuza." Akanipigapiga mkono jinsi mtu anavyombembeleza mtoto anayedanganya. "Haya," akasema. "Haya." Heri angenitukana. Tusi ningelijibu. Alinisamehe kosa nisilolifanya, na msamaha ule ndio ulionifanya mwizi. Swabra aliponiona narudi mchana alinisikiliza mpaka mwisho, akashika kichwa. "Si ungewauliza kwanza, jamani! Hapa hata gabeji, takataka, ina mwenyewe." Nilimpigia mama yangu simu Lamu, na yeye hakuona tatizo. "Bibi kapona? Basi. Nusu shari kuliko shari kamili." Sikumwambia nusu ile imeniangukia nani.

Bi Dorothy alifariki mwezi wa nne. Lin ndiye aliyeniletea habari, amepanda mabasi mpaka Scarborough na sufuria ya uji wa wali imefungwa kwa taulo. Wakati wa joto alinipeleka kwa gari lake mpaka kaburini, Etobicoke, lakini yeye alibaki ndani ya gari. Alisema mgongo unamuuma. Baada ya hapo Lin hakuniacha. Alinitafutia kazi katika nyumba ya wazee, akaniandikia barua ya sifa. Alinijazia fomu za chuo cha uuguzi nilizokwisha kukataa mara mbili. Alinisikiliza masomo jikoni kwake, Grace akiwa mdogo anachora chini ya meza. Nilipojifungua mtoto wa kwanza, wa kwanza kufika alikuwa yeye. Mara moja tu nilimuuliza, "Lin, kwa nini unanihangaikia hivi?" Akasema, "Kwa sababu unajifunza haraka." Niliridhika. Mtu akitendewa wema hadai risiti.

Nilikwenda kwa Grace siku ya kumi na tano baada ya mazishi. Alinitilia chai, akaleta kifurushi akakiweka mezani kwa mikono miwili. Nilijua kabla sijakifungua, maana gazeti lilikuwa lile lile, limekuwa la njano, la Jumamosi ya mwezi wa kwanza wa mwaka ule. Ndani yake sahani ilikuwa nzima. Nyuma, juu ya nyufa, kulikuwa na pini nane za shaba, zimepigwa ndogo na sawasawa kwa mkono uliofundishwa utotoni. Grace alikuwa analia. "Mama alisema nikwambie hivi. Aliichukua kutoka kwenye pipa ili aiunganishe kama babu, amletee yule bibi iwe zawadi ya kupona. Aliporudi juma lililofuata akakuta umeshafukuzwa, na mtoto wa bibi anasema wizi. Akaogopa. Muuguzi aliyetoa kitu nyumbani kwa mgonjwa anapoteza kibali, na sisi tulikuwa hatujapata hata karatasi za kuishi hapa. Kila wiki akasema ataisema wiki ijayo. Kisha bibi akafa." Akafuta macho. "Alisema ukitaka uivunje."

Siku tatu nilimkasirikia Lin vibaya sana. Nilimwambia maneno makali nikiosha vyombo, nikipanda ngazi, nikisubiri lifti. Nilikumbuka kiatu kimoja mguuni, na lile swali, umeiweka wapi, nililolipita miaka thelathini bila kuliona. Nilikumbuka mgongo uliouma makaburini. Nilijiuliza kama chuo changu, kazi yangu, uji wa wali, vyote vilikuwa fidia ya mwoga, si urafiki. Siku ya nne nilikuwa nimechoka, nikaitazama sahani. Yule ndege si wa China. Hakuwa wa China hata siku moja. Aliyemchora alianza kwa uongo, kisha akaendelea kuchora unyoya kwa unyoya mpaka akapatikana ndege, na ndege huyo akanilea. Basi Lin naye labda alianza kwa hofu. Lakini mtu hamhangaikii mwenzake miaka thelathini kwa hofu ya karatasi. Karatasi zake alizipata zamani. Yaliyobaki alikuwa ananipenda. Nililia kwa sababu nilitaka kumwambia hivyo na simu yake ilikuwa imefungwa.

Kwa desturi ya kwetu sahani ile ilipaswa kutupwa. Kwa desturi ya Bi Dorothy ilipaswa kurudi ukutani isiguswe. Kwa desturi ya baba yake Lin, chombo kilichounganishwa ni cha kulia, na nimeamua nikirudi leo nitaipakulia wali, mjukuu wangu akiniuliza kwa Kiingereza chake imetoka China, nitamwambia aketi, ni hadithi ndefu. Lakini kwanza nimeiosha, nimeifunga katika kanga, na asubuhi hii nimepanda basi, na treni, na basi tena, nimeipakata njia nzima. Makaburi yamejaa tangu zamani zile, nikapotea mara mbili kabla ya kuliona jiwe la Bi Dorothy. Peter amezikwa pembeni yake. Basi naye hatajua. Nikapiga magoti kwenye majani, nikaifungua kanga, nikamwelekezea Bwana Jumapili na ndege wake. Nikaigeuza azione pini. Kisha nikamwambia kwa Kiingereza, polepole, ili asipate taabu ya kunielewa: "Bi Dorothy, hii hapa. Sikuiuza."